Shikoku si mahali pa kula bure

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya kijana wenu wa safari, ile ya ukurasa mzima iliyowaeleza vijana kwamba Japani kuna kisiwa kinaitwa Shikoku, ambako mtu akivaa kizibao cheupe na kofia pana ya majani anaweza kuyazunguka mahekalu 88 ya Wabuddha kwa miguu bila kutoa senti, kwa kuwa wenyeji watamlisha na kumlaza. Picha ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ngazi za Kirihataji, hekalu la 10, kweli zina vidato 333 na kweli zinamaliza magoti. Lakini hilo la kula bure limenikaa kooni, na kwa vile nimeishi kule nikala chakula cha watu wale, nimeona nisinyamaze.

Mimi ni fundi wa injini za meli, sasa nimestaafu. Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa ikijengewa meli katika mji wa Imabari, kaskazini-magharibi mwa Shikoku. Desturi ya kazi yetu ni kwamba meli ikikaribia kukamilika, mafundi watakaoiendesha hutangulizwa kiwandani wakae nayo, waijue mashine yake kabla haijawashwa. Kazi hiyo ina kusubiri kwingi. Unasubiri bomba, unasubiri mkaguzi, unasubiri Jumatatu. Na Imabari, kwa bahati yangu, ina mahekalu 6 ya njia ile ndani ya mipaka yake, la 54 hadi la 59. Wenzangu Jumapili walilala au walikwenda kununua vifaa vya umeme. Mimi nilitembea. Baadaye nilirudi kwa nauli yangu nikatembea upande wa Tokushima, na kwingine nikapanda basi bila kuona haya.

Niieleze njia yenyewe, maana makala iliiruka. Ni mzunguko wa kilomita kama 1,200, mwingi wake ukifuata ukingo wa kisiwa, na anayekwenda kwa miguu hutumia wiki sita, zaidi au pungufu. Mahekalu 23 ya kwanza yako Tokushima, la 24 hadi la 39 Kochi, la 40 hadi la 65 Ehime, na yaliyobaki Kagawa. Majimbo hayo manne huhesabiwa kuwa hatua nne za moyo: kuamka, kujitaabisha, kupata nuru, kisha nirvana, yaani utulivu usio na mateso tena. Hatua ya kujitaabisha haikupewa Kochi kwa mzaha. Kutoka hekalu la 23 hadi la 24 ni kilomita kama 75, sehemu kubwa ni barabara ya lami, Bahari ya Pasifiki iko mkono wako wa kushoto, na malori yanakupita.

Anayefuatwa katika njia hii ni Kukai, mtawa aliyezaliwa mwaka 774 mahali lilipo sasa hekalu la 75, Zentsuji. Alivuka bahari kwenda China mwaka 804, akarudi 806 na mafundisho ya madhehebu ya Shingon, na mwaka 835 ndipo alipoiaga dunia katika mlima Koya, nje ya Shikoku. Wafuasi wake hawakubali kwamba amekufa. Kwao yumo mle kaburini katika tafakuri isiyokwisha, na mpaka leo watawa wa Koya humpelekea chakula mara mbili kila siku. Mwaka 921 mfalme alimpa jina la heshima la Kobo Daishi, lakini bibi wa sokoni Imabari humtaja kama mtu aliyepita dukani kwake jana asubuhi.

Na hapo ndipo mwandishi wenu alipopotoka, kwa sababu Kobo Daishi anaaminika kutembea na kila anayeizunguka njia. Mkongojo unaoshika ni yeye. Kwenye kofia na mgongoni mwa kizibao yameandikwa maneno ya kusema kwamba wanaokwenda ni wawili. Ukifika nyumba ya wageni jioni, hata kabla hujavua viatu, ncha ya mkongojo inaoshwa na kufutwa, kisha unawekwa mahali pa heshima chumbani. Mwenye nyumba mmoja alinioshea mkongojo wangu kwa beseni la maji ya uvuguvugu, akaukausha kwa kitambaa safi, ndipo akanigeukia mimi na kunionyesha choo kilipo.

Chakula wanachotoa wenyeji kinaitwa osettai. Mara ya kwanza kukipokea nilikuwa nimetoka Enmeiji, hekalu la 54, naelekea la 55. Njia ile hukatiza makaburini, mawe ya kijivu yamepangwa kwenye mteremko mpaka chini. Mama mmoja wa makamo alishuka kwenye baiskeli, akafungua kikapu, akanitia mikononi machungwa madogo ya kule na taulo ndogo iliyokunjwa. Taulo ni fahari ya Imabari, ndiyo kazi ya mji ukiondoa meli. Kisha akaunganisha viganja akainamisha kichwa. Nilidhani ananisalimu. Nikafuata macho yake, nikaona anautazama mkongojo.

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyenifafanulia, polepole, kwa simu yake ya kutafsiri na michoro kwenye karatasi. Yule mama ana wazee nyumbani, ana duka, hawezi kutoka wiki sita kuzunguka kisiwa. Anachoweza ni kumpa kitu anayezunguka, na kwa kufanya hivyo amempa Daishi, na sehemu ya safari yangu imekuwa yake. Sisi watu wa pwani tusijifanye hatuelewi: jirani akienda Makka, unamtia chochote mkononi ukamwambia asikusahau katika dua. Nani kati yetu angefurahi akisikia jirani huyo anawatangazia wenzake kwamba hii ndiyo njia ya kusafiri kwa pesa za watu?

Ndiyo maana unapopewa osettai hukatai, na ukishapokea unatoa karatasi. Zinaitwa osamefuda. Ni vipande vyembamba, unaviandika jina lako, unakotoka, tarehe, na ombi kama unalo. Kimoja unakitia katika sanduku la ukumbi mkuu wa hekalu, kingine katika ukumbi wa Daishi, na vinginevyo ni vya watu waliokupa kitu. Mwandishi wenu hakuzitaja kabisa. Sijui alipewa chakula chote kile akarudisha nini.

Rangi ya karatasi inasema umezunguka mara ngapi: nyeupe kwa anayeanza mpaka mara 4, kijani mara 5 hadi 7, nyekundu 8 hadi 24, fedha 25 hadi 49, dhahabu 50 hadi 99, na ukifika mara 100 unapewa haki ya kutoa karatasi ya kitambaa cha zari. Mimi ninayo moja ya zari. Niligawiwa na mzee mmoja mwenye gari dogo jeupe kwenye maegesho ya hekalu, akaitoa mfukoni kama anatoa tiketi ya basi. Watu huziweka nyumbani kwa baraka. Yangu ipo ndani ya daftari langu la kazi, pale pale nilipoandika vipimo vya mashine.

Huyo mzee, mara zake zote mia na kitu, alizunguka kwa gari. Nataja hivyo kwa sababu makala iliwacheka wanaokwenda kwa magari na mabasi kana kwamba ni mahujaji wa uongo. Wengi wanaozunguka siku hizi huenda hivyo. Niliwahi kukaa kando ya ukumbi wa hekalu lililojaa mabibi wa basi, kila mmoja na mkongojo wake na njuga yake ndogo inalia, kiongozi anapiga kengele ya mkononi na wote kwa sauti moja wanasoma Sutra ya Moyo, andiko fupi la Wabuddha, haraka, bila kutazama kitabu. Mmoja alikuwa amebeba picha ya mwanamume ndani ya fremu, kaifunga kwa kitambaa kifuani. Nani atampima huyo kwa kilomita?

Turudi kwenye chakula. Ukisikiliza hadithi za njia ile, utaona nyingi zinaanza na mtu aliyenyimwa. Katika mji wa Ozu kuna daraja la Toyogahashi. Inasimuliwa kwamba Kukai alifika pale jioni, hakuna aliyemkaribisha, akalala chini ya daraja, na usiku ule mmoja ukawa mrefu kwake kama kumi. Kwa sababu hiyo mwenda njia hapigi mkongojo wake chini anapovuka daraja lolote Shikoku, asije akamwamsha aliyelala chini. Nilishuka kulitazama. Juu ni barabara kuu, magari hayakatiki, zege linatetema. Chini kuna sanamu yake ya jiwe, amelala ubavu, na wenyeji wamemfunika magodoro mepesi ya maua maua, mablanketi hasa, moja juu ya jingine, kama mnavyomfunika mgonjwa wa homa. Mablanketi yenyewe yalikuwa safi. Kuna mtu huyafua.

Hadithi kubwa kuliko zote ni ya Emon Saburo, tajiri wa jimbo la Iyo, ambalo ndilo Ehime ya leo. Mtawa ombaomba alimjia mlangoni mara kwa mara, naye akamfukuza, mwisho akalipiga bakuli lake kwa ufagio likavunjika vipande vinane. Watoto wake wanane wakafa mmoja mmoja. Hapo akatambua kwamba yule mtawa alikuwa Kukai, akaacha mali, akaanza kuzunguka kisiwa kumtafuta aombe radhi. Alizunguka mara 20 bila kumkuta. Mara ya 21 akageuza, akaenda kinyume, na akamkuta, yeye Saburo mwenyewe akiwa tayari anakata roho, chini ya mlima wa hekalu la 12, Shosanji. Daishi akampa jiwe lenye jina la Saburo, na baadaye, inasemwa, katika ukoo wa watawala wa Iyo alizaliwa mtoto aliyefumba ngumi, ilipofunguliwa likakutwa jiwe lile. Liko hekalu la 51, Ishiteji, mjini Matsuyama, na mimi nimelitazama kupitia kioo. Kutokana na hadithi hiyo, mwaka mrefu wa siku 366, kama ulivyokuwa 2024, wengi huizunguka njia kinyume, kutoka 88 kurudi 1, wakiamini watakutana na Daishi.

Nimeyasimulia haya ili msomaji aone kwamba wale wanaotoa hawatoi kwa ukarimu wa juu juu wa kufurahisha wageni. Wamekua wakisikia habari za mtu aliyefunga mlango.

Halafu kuna upande ambao si wa kuchekea. Nguo nyeupe ya mwenda njia ndiyo sanda yake. Ukifa njiani, mkongojo unasimikwa juu ya kaburi lako. Si maneno ya mapambo. Kwa muda mrefu walikuwepo watu walioingia Shikoku bila nia ya kutoka: wenye ukoma waliofukuzwa vijijini mwao, wagonjwa wasio na tiba, masikini wasio na kwao. Walizunguka na kuzunguka wakila osettai mpaka nguvu zikaisha. Milango mingine pia ilifungwa na serikali yenyewe. Enzi za watawala wa kijeshi jimbo la Tosa, yaani Kochi, lilidai vibali, likaelekeza mahali pa kuingilia na pa kutokea, likawahimiza mahujaji wasikawie. Katika njia ya msituni kupanda Shosanji utaviona vijiwe vifupi vimeota kuvu, vingine vina maandishi, vingine hayasomeki. Ni makaburi ya hao. Chungwa nililopewa mimi pamoja na taulo limetokana na mkono uliowalisha wale. Mtu mwenye pasipoti, tiketi ya ndege na kamera ya kijana wenu hawezi kujipanga katika foleni hiyo akasema naye ana haki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Shikoku nako yako majembe. Kando ya njia zipo nyumba za hisani, vibanda ambavyo wenyeji huwaachia waenda kwa miguu walale bila malipo. Nilionyeshwa kimoja upande wa Tokushima kilichotiwa kufuli. Mzee aliyenionyesha hakulalamika. Alieleza tu, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, kwamba waliolala waliacha taka, wengine walikaa siku nyingi, na bibi aliyekuwa akifagia amechoka. Yeye mwenyewe ana umri mkubwa na watoto wake wako Osaka. Vijiji vile vimejaa wazee. Ukiwapelekea vijana mia walioambiwa ni bure, atafagia nani?

Sasa mtaniuliza, na wapo walioniuliza hapa mtaani: wewe Mwislamu ulikwenda kutafuta nini katika mahekalu ya masanamu? Nilikwenda kutazama, na kutembea. Sikuwasha udi, sikusoma sutra, sikusujudu. Nilipofika langoni nilitoa salamu ya kuinamisha kichwa kwa wenye nyumba, nikanawa mikono kwenye birika la mawe, nikasimama pembeni wenye ibada yao wafanye. Hakuna aliyeniuliza dini yangu wala aliyenivuta mkono. Shida ilikuwa chakula. Tambi nene za udon za kule mchuzi wake ni wa samaki mkavu na mwani, lakini mara nyingi hutiwa kiungo chenye kileo, na nguruwe hujificha mahali usipomtarajia. Niliishi kwa wali uliofinyangwa wenye samaki ndani. Siku moja bwana mmoja alisimamisha gari mvua ikinyesha, akashuka, akanipa mkate wenye nyama ya nguruwe, bado wa moto. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikampa karatasi yangu, na mbele kidogo nikampa mwanafunzi wa Kijapani aliyekuwa akichechemea kwa malengelenge. Akaula wote tumesimama chini ya mti. Naye akanitolea karatasi yake, nyeupe kama yangu.

Niruhusu niseme kidogo juu ya yale mahekalu 6 ya Imabari, kwa sababu mwandishi wenu aliyapita kwa sentensi moja akisema hayana mandhari.

Enmeiji lina lango lililotoka katika ngome ya zamani ya Imabari, lilihamishiwa pale ngome ilipobomolewa enzi za mfalme Meiji. Kengele yake ya kale, wanasimulia, iliibwa na askari wakaipakia mashuani, nayo ikawa inalia njia nzima kwamba inataka kurudi kwao, mwisho ikajitupa baharini. Nimefanya kazi na mashine miaka mingi, sishangai chuma kuwa na kwao.

La 55, Nankobo, liko katikati ya mji, kando ya maduka na reli. Mabomu ya Agosti 1945 yaliuteketeza karibu mji wote, na ukumbi mkuu ukaenda na mji. Ukumbi wa Daishi ulibaki, na watu waliopoteza nyumba wakajihifadhi mle. Ukigusa nguzo zake unagusa mbao za kabla ya vita, na hazina kibao kikubwa cha kukutangazia hivyo.

La 56, Taisanji, ndilo langu. Karibu yake unapita mto Soja, ambao kila masika ulifurika na kubeba watu na mashamba, wakaamini una pepo. Kukai, kwa mujibu wa simulizi za hekalu, alifika mwaka 815 akawakusanya wanakijiji wakajenga tuta. Kisha akapanda msonobari juu ya tuta, na hekalu likaanzia hapo. Watakatifu wengi nimesikia wakifukuza pepo kwa maneno. Huyu alileta majembe. Nilitembea ukingoni mwa mto ule nikitazama kuta zake za sasa za zege, kazi nzuri, viungo vimezibwa sawasawa.

Eifukuji, la 57, limefungamana na bahari. Husemwa Kukai aliomba usalama wa vyombo vilivyokuwa vikizama katika mikondo ya pale, na mikondo ya Kurushima, mlango wa bahari ulio hapo Imabari, nawaambieni, si ya kuchezea hata leo kwa meli yenye nguvu. Pale pamehifadhiwa kigari cha mbao. Mwaka 1933 kijana wa miaka 15 asiyeweza kutembea alikuwa akizunguka njia ndani ya kigari hicho akivutwa na mbwa. Karibu na hekalu mbwa akachomoka mbio, kijana akarushwa nje, akasimama kwa miguu yake. Akakiacha pale. Niliyakagua magurudumu: ni kazi ya mtu wa nyumbani, asiye seremala, aliyempenda mtoto.

Senyuji, la 58, liko juu ya kilima, mita kama 300, na kupanda kwake ni kwa jasho. Kule juu unaiona Bahari ya Ndani, ile iliyo kati ya Shikoku na kisiwa kikuu cha Japani, visiwa vimetapakaa, daraja refu la Kurushima, na winchi za viwanda vya meli pwani. Niliitafuta meli yetu, nikaiona, bado haijapakwa rangi upande mmoja.

Na Kokubunji, la 59, lina sanamu ya Kobo Daishi aliyenyoosha mkono umpe mkono. Kibao cha pembeni kinakusihi uombe jambo moja tu, usianze hili na lile, maana Daishi ana kazi nyingi. Kiganja cha sanamu kimeng'aa kwa kushikwa. Nilimpa mkono kama ninavyompa mtu yeyote aliyenyoosha wake.

Gharama nazo tuziweke wazi, kwa kuwa mwandishi aliahidi bure. Katika kila hekalu unaweza kupeleka kitabu chako kikapigwa mihuri. Mtu wa ofisini, mara nyingine mtawa, mara nyingine mke wake, hupiga mihuri mitatu myekundu, kisha kwa brashi na wino mweusi huandika juu yake jina la Buddha wa hekalu na jina la hekalu lenyewe. Pale Taisanji aliandika mama mwenye miwani, mkono haukusita hata kidogo, wino ukashuka mzito mwanzoni ukaishia mwembamba wenye michirizi. Akalaza kipande cha karatasi juu ya ukurasa ili usichafue wa pili. Nyuma yangu lilikuwa kundi la basi lenye vitambaa vya kutundika, na kiongozi wao alikuwa akivikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, ile ile ya saluni. Mimi niliipenda kazi hiyo nikailipia. Muhuri mmoja sasa ni yen 500. Kwa mahekalu yote 88 ni yen 44,000. Zinasaidia kuezeka mapaa na kufagia nyua. Nyumba za wageni nilizolala, zenye chakula cha jioni na cha asubuhi, zilinitoza kati ya yen 7,000 na 8,000 kwa usiku. Huwezi? Basi usizunguke yote. Hakuna sheria ya kuanza na 1 na kumaliza 88 kwa mkupuo mmoja. Wajapani wenyewe wengi huikata vipande, jimbo moja mwaka huu, jingine Mungu akipenda.

Kijana anayetaka kweli kwenda, nenda Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Juni ni mvua, na Agosti jua la kule halina huruma. Njia huipotezi. Alikuwepo bwana mmoja, Nakatsukasa Mohei, aliyefariki mwaka 1922 baada ya kuizunguka mara 280, na aliacha nyuma yake nguzo za mawe za kuelekeza wenziwe, nyingi zimechongwa mkono wenye kidole kinachoonyesha upande wa kwenda. Mpaka leo zinafanya kazi hiyo. Kanunue karatasi nyeupe, rundo zima, bei yake ni ndogo, uziandike jina usiku kabla ya kulala, asubuhi ziwe mfukoni mahali pa karibu. Mtu akikupa kitu, simama, vua kofia, mpe yake.

Na kwa mwandishi wenu, ombi moja la kusahihisha: aliandika muhuri ni yen 300 na ofisi za mihuri hufunguliwa saa 1 asubuhi. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Aprili 2024 ni yen 500, na wanafungua saa 2. Kufunga ni saa 11 jioni kamili. Ukifika na dakika tano za kuchelewa, utalala chini ya mlima upande tena kesho yake.

Fundi wa meli mstaafu,
Ngamiani, Tanga